Mtendaji Anayejichunguza: Nafasi ya Mjadala katika Historia ya Utafiti Tendaji

Utafiti tendaji ni uchunguzi ambao mtu anaufanya juu ya kazi yake mwenyewe. Mwalimu anachunguza jinsi anavyofundisha, muuguzi anachunguza jinsi wodi yake inavyowapokea wagonjwa wa usiku, bwana shamba anachunguza kwa nini wakulima wanamsikiliza, wanaitikia, kisha wanapanda vilevile kama mwaka jana. Anabuni badiliko dogo, analijaribu, anaangalia kilichotokea, anaandika, anabuni tena. Kinachoutenga utafiti huu na ule wa vyuo vikuu ni kwamba mchunguzi na mchunguzwa ni mtu mmoja. Nguvu yake iko hapo, na udhaifu wake uko papo hapo. Mwenye kazi anajua mambo ambayo mgeni hawezi kuyajua hata akikaa mwaka mzima, lakini macho anayoyatumia kujikagua ni yaleyale yaliyokwisha kuzoea. Ndiyo maana historia ya utafiti huu, kwa kiasi kikubwa, ni historia ya kumtafuta mtu wa pili: nani amwulize mtendaji swali ambalo yeye hakujiuliza, na amwulize kwa njia gani. Kikundi cha ana kwa ana, kinasa sauti, redio na hatimaye kompyuta vilijaribiwa kwa zamu.

Mizizi ya fikra hii huhesabiwa kuanzia kwa John Dewey, mwanafalsafa wa Marekani aliyeanzisha shule ya majaribio katika Chuo Kikuu cha Chicago mwaka 1896. Katika kitabu chake How We Think cha mwaka 1910, Dewey alieleza kwamba mtu haanzi kutafakari mpaka akwame. Kwanza linatokea jambo linalomtatiza, kisha analitambua tatizo lilipo, anawaza majibu yanayowezekana, anayapima kwa hoja, na mwisho anayajaribu kwa vitendo. Mpangilio huo umekaa katika vitabu vya ualimu kwa zaidi ya karne moja, na utaonekana tena mwishoni mwa karne ya 20 pale ambapo Dewey mwenyewe asingeutarajia. Ila aliacha pengo. Mpangilio wake unamfaa mtu aliyekwisha kujua kwamba amekwama. Mwalimu ambaye darasa lake liko kimya na yeye anadhani ukimya huo ni nidhamu, hajakwama kwa hesabu zake mwenyewe, na hakuna kinachomsimamisha.

Jina lenyewe la utafiti tendaji lilipata umaarufu kupitia Kurt Lewin, mwanasaikolojia wa Kiyahudi aliyeondoka Ujerumani mwaka 1933 Wanazi walipotwaa madaraka, akahamia Marekani. Mwaka 1946 alichapisha makala kuhusu utafiti tendaji na matatizo ya makundi ya wachache. Alichora kazi hiyo kama mzunguko usiokoma: kupanga, kutenda, kukusanya habari za matokeo, kupanga upya. Mfano alioutumia ulitoka vitani, maana vita vilikuwa vimekwisha mwaka uliotangulia tu: kiwanda kinashambuliwa kwa mabomu, kisha ndege nyingine inatumwa kupiga picha kuona kama shabaha imepatikana kweli. Lewin alilalamika kwamba watu waliokuwa wakipambana na ubaguzi wa rangi katika miji ya Marekani walikuwa na moyo na juhudi, lakini hawakuwa na ndege ya pili. Walifanya mikutano, wakahisi imekwenda vizuri, wakarudi nyumbani.

Kiangazi cha mwaka huohuo, katika chuo cha ualimu cha New Britain, jimbo la Connecticut, Lewin na wenzake waliendesha mafunzo kwa walimu, watumishi wa ustawi wa jamii na viongozi wa mitaa waliotakiwa kushughulikia uhusiano wa watu wa rangi mbalimbali. Mchana washiriki walijadiliana katika vikundi, na kila kikundi kilikuwa na mtazamaji aliyeandika nani alisema nini na wengine walipokeaje. Usiku watafiti walikutana peke yao kulinganisha maandishi hayo. Washiriki wachache waliokuwa wakilala palepale chuoni wakaomba waruhusiwe kusikiliza. Baadhi ya watafiti waliona haya, kwa sababu waliokuwa wakijadiliwa ni haohao. Lewin akakubali. Haukupita muda mtazamaji mmoja akaeleza mwenendo wa mshiriki aliyekuwa amekaa mle chumbani, na yule mama akaingilia: haikuwa hivyo, nilichomaanisha ni kitu kingine. Maelezo mawili ya tukio moja yakawekwa mezani, na mjadala ukawaka. Usiku uliofuata waliongezeka, na muda si muda vikao vya usiku vikawa ndiyo sehemu ya mafunzo iliyopendwa kuliko zote.

Kinyozi hajinyoi. Lakini kilichogunduliwa New Britain kinapita methali hiyo kidogo, kwa sababu mtazamaji naye alisahihishwa. Wala maelezo ya mama yule wala ya mtazamaji hayakuwa ukweli kamili, na faida ilitoka katika kuyagonganisha mbele ya watu. Lewin alifariki Februari 1947, miezi michache baadaye. Wenzake waliendeleza mtindo huo katika mji wa Bethel, jimbo la Maine, ambako kikundi kinachojichunguza chenyewe kiligeuka kuwa mbinu inayojitegemea, ikaenea katika mafunzo ya mameneja, na baada ya muda ikaachana na utafiti kabisa.

Upande wa shule, Stephen Corey wa Chuo cha Walimu, Chuo Kikuu cha Columbia, alitoa kitabu mwaka 1953 akiwahimiza walimu wachunguze kazi zao kwa kushirikiana. Haukuchukua muda mrefu kabla watafiti wa vyuo hawajalisaga wazo hilo: sampuli ni ndogo, vipimo ni dhaifu, mwalimu hana utaalamu. Marekani ikaingia enzi ya mitaala iliyoandikwa na wataalamu na kupelekwa kwa walimu ikiwa imekamilika, na utafiti tendaji ukafifia huko kwa karibu miaka 20.

Uliibukia Uingereza, kwa sababu ambayo haikuwa na uhusiano wowote na Lewin. Serikali ilikuwa imeamua kwamba watoto wasiache shule kabla ya umri wa miaka 16, badiliko lililoanza kutekelezwa mwaka 1972. Maelfu ya vijana waliokuwa wakitamani kuondoka walikuwa wanalazimishwa kubaki, na shule hazikujua ziwafundishe nini. Mwaka 1967 Lawrence Stenhouse alikabidhiwa mradi wa mtaala wa masomo ya binadamu kwa vijana hao. Alipendekeza wajadili mambo ambayo watu wazima wenyewe wanagombana juu yake: vita, familia, umaskini, uhusiano wa wanaume na wanawake, sheria na utulivu. Mwalimu asingefundisha jibu. Angekuwa mwenyekiti asiyeegemea upande wowote, akiingiza ushahidi kutoka katika pakiti zilizoandaliwa, za picha, vipande vya magazeti, mashairi na takwimu, na akilinda haki ya kila kijana kuwa na maoni tofauti.

Kwa mwalimu aliyezoea kusimama mbele ya ubao, hilo lilikuwa gumu kuliko lilivyosikika. Stenhouse na timu yake wakawaomba walimu wajirekodi kwa kinasa sauti, wasikilize kanda, kisha wazijadili na wenzao. Kanda ziliumbua mengi. Mwalimu aliyeapa kwamba hapendelei upande alijisikia akisema “vizuri sana” kila kijana aliposema jambo alilokubaliana nalo, na kunyamaza aliposema jingine. Aliyedhani anakaribisha maoni alijisikia akiuliza “Sote tunakubaliana?”, na baada ya swali hilo hakuna kijana aliyethubutu kupinga. Watafiti wa mradi waliyaandika mambo haya kama dhana za kupimwa: kwamba sifa ya mwalimu inaweza kufunga mjadala badala ya kuufungua, na kwamba kutafuta mwafaka mapema kunaua maoni ya wachache. Si matokeo ya maabara, lakini mwalimu yeyote akiyasikia anajua nini cha kusikiliza kesho yake darasani.

Mwaka 1970 Stenhouse alishiriki kuanzisha kituo cha utafiti wa elimu katika Chuo Kikuu cha East Anglia, mjini Norwich, na mwaka 1975 akatoa kitabu kilichomweka mwalimu katika nafasi ya mtafiti. Alishikilia kwamba utafiti ni uchunguzi wa utaratibu unaowekwa hadharani. Sharti la hadharani ndilo lililotofautisha msimamo wake na ushauri wa kawaida wa kumtaka mwalimu afikirie kazi yake. Kufikiri kila mwalimu anafikiri, hata akiwa kwenye basi. Stenhouse alitaka fikra hizo ziandikwe na ziwekwe mahali ambapo mwalimu mwingine anaweza kuzipinga.

Wenzake John Elliott na Clem Adelman waliipeleka hoja hiyo mbele kati ya 1972 na 1974 katika mradi uliofadhiliwa na Taasisi ya Ford, uliowahusisha walimu wapatao 40 wa East Anglia. Baada ya kipindi, mtafiti alizungumza na mwalimu, kisha na wanafunzi peke yao, naye mwenyewe akaandika alichokiona. Kwa ridhaa ya wanafunzi, mwalimu alisikilizishwa kanda ya maelezo yao. Sauti tatu juu ya nusu saa moja. Palikuwa na walimu walioshtuka kusikia kwamba maswali waliyoyaona kuwa ya wazi, wanafunzi waliyachukulia kama mchezo wa kubahatisha jibu lililofichwa kichwani mwa mwalimu. Mwaka 1976 Elliott alianzisha mtandao wa walimu watafiti uliobadilishana taarifa kwa posta na mikutano. Posta ilikuwa ya polepole, lakini ilitimiza sharti la Stenhouse.

Wakati huohuo fikra inayofanana ilikuwa ikikua Dar es Salaam kwa njia nyingine kabisa. Mwalimu Nyerere aliutangaza mwaka 1970 kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima, na Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima, ambayo wakati huo ilikuwa chini ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ikawa na kazi nyingi. Budd Hall, aliyefanya kazi ya utafiti hapo katika miaka ya mwanzo ya 1970, alikuja kuona kwamba hojaji zake zilikusanya kidogo kuliko alichokisikia katika mazungumzo ya kawaida na wanavijiji. Paulo Freire wa Brazil alifika Dar es Salaam mwaka 1971 na kuzungumza na watafiti wa huko juu ya kuwafanya wanaochunguzwa kuwa wachunguzi. Marja-Liisa Swantz, Mfini aliyekuwa ameishi miaka mingi na Wazaramo, aliwapeleka wanafunzi wa chuo kikuu vijijini wakafanye uchunguzi pamoja na wenyeji badala ya kuwachunguza. Jina la utafiti shirikishi lilichipuka katika mazingira hayo, likasambaa kupitia vyama vya elimu ya watu wazima, na mwaka 1977 watetezi wake wakakutana na wenzao wa Amerika ya Kusini katika mkutano wa Cartagena, Kolombia, ulioitishwa na Orlando Fals Borda.

Kuna jambo la Tanzania ambalo wanahistoria wa elimu ya masafa hulitaja kwa haraka mno. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwakusanya watu karibu milioni 2 katika vikundi vya masomo kote nchini. Kikundi kilisikiliza kipindi redioni, mmoja akasoma kijitabu kwa sauti, kisha watu wakajadili: malaria inatoka wapi hapa kwetu, kichocho kinatoka wapi, minyoo ya safura je? Mjadala ulitakiwa uishie katika uamuzi wa kutenda, yaani kuchimba vyoo, kufukia madimbwi, kufyeka majani yaliyozunguka nyumba. Maelfu kwa maelfu ya viongozi wa vikundi walifundishwa kabla ya kampeni kuanza, na walisisitiziwa kwamba wao si walimu bali ni waongozaji. Mwanafunzi wa Stenhouse angeutambua wajibu huo mara moja. Upungufu ulikuwa katika chombo. Redio ilisema na kikundi kilisikia, lakini kikundi cha Iringa hakikuwa na njia ya kukiuliza kikundi cha Lindi mbona vyoo vyao havijajaa maji. Teknolojia ilifika mbali, lakini mjadala ulibaki chini ya mti palepale ulipoanzia.

Miaka ya 1980 ilileta nadharia nyingi. Donald Schön wa Massachusetts alichapisha The Reflective Practitioner mwaka 1983, akitofautisha kutafakari katikati ya tendo na kutafakari baada ya tendo. Mfano wake unaokumbukwa zaidi ni wa studio ya usanifu majengo: mwanafunzi anayeitwa Petra amekwama kupanga shule kwenye mteremko, na mwalimu wake Quist anachukua kalamu, anachora juu ya michoro yake huku akinena. Ni kipande kizuri sana cha uchunguzi, ingawa wakosoaji walikwisha kueleza kwamba Petra anafunzwa kufikiri kama Quist, na hakuna mahali Quist anapoulizwa lolote. Mwaka 1986 Wilfred Carr na Stephen Kemmis walitoa Becoming Critical, wakikopa kutoka kwa mwanafalsafa Jürgen Habermas wa Ujerumani. Kwao, tafakuri ya kuboresha mbinu tu haitoshi. Tafakuri tunduizi inauliza pia kwa nini kazi imepangwa hivi, nani ananufaika, na ni dhana gani mtendaji amerithi bila kuzikagua. Kisha Stephen Brookfield, mwaka 1995, akaliweka jambo hilo katika lugha ya walimu wa kawaida: mwalimu ajitazame kupitia maisha yake mwenyewe, kupitia macho ya wanafunzi, kupitia wenzake wa kazi na kupitia maandiko. Kati ya njia hizo nne, ya wenzake ndiyo ngumu kupatikana kwa mwalimu aliye peke yake katika shule ya mbali, na ndiyo kompyuta ilidai kuileta.

Mijadala ya kompyuta ni ya zamani kuliko intaneti ya umma. Mwaka 1973 kijana David Woolley wa Chuo Kikuu cha Illinois aliandika programu ya kuachia maandishi katika mfumo wa PLATO, iliyokusudiwa kuripoti hitilafu tu, ikageuka baraza. Mwaka 1976 Murray Turoff alianza kuendesha mfumo wa mikutano ya kompyuta katika taasisi ya teknolojia ya New Jersey. Chuo Kikuu cha Guelph, Kanada, kilitengeneza mfumo uitwao CoSy, na Chuo Kikuu Huria cha Uingereza kiliuchukua mwaka 1988 kwa kozi moja yenye wanafunzi zaidi ya elfu moja waliojiunga kutoka majumbani kwa simu na modemu, huku bili za simu zikihesabika dakika kwa dakika. Robin Mason, aliyeitathmini kozi hiyo, alikuta jambo ambalo limejirudia kila mahali tangu wakati huo: wachache wanaandika sana, wengi wanasoma bila kuandika, na wengine hawaonekani kabisa.

Kwa walimu watafiti, jaribio lililotangulia lilitoka Vermont. Shule ya kiangazi ya Bread Loaf, ya Chuo cha Middlebury, ilikuwa ikiwakusanya walimu wa Kiingereza kila mwaka milimani, wakisoma na kuandika pamoja, kisha kuwarudisha katika shule zao wakiwa peke yao tena. Mwaka 1984 ilianzisha BreadNet, mtandao wa kompyuta wa kuendeleza mazungumzo hayo kipindi cha masomo. Dixie Goswami, aliyeongoza kazi ya utafiti wa walimu hapo, alihariri mwaka 1987 kitabu juu ya mwalimu kuchunguza darasa lake mwenyewe. Katika miaka ya 1990 mtandao huo uliwaunganisha walimu wa shule za vijijini kutoka Alaska hadi Mississippi na Arizona. Mpango wake ulikuwa na hekima ambayo miradi mingi mikubwa iliyofuata ilikosa: watu walikutana kwanza uso kwa uso kwa wiki kadhaa, wakala pamoja, wakabishana, ndipo wakatenganishwa na kuunganishwa na waya. Mtu anayekuuliza swali gumu kwa maandishi anavumilika zaidi ukimjua sura.

Mjadala wa maandishi una tabia zake, na Linda Harasim wa Toronto, aliyefundisha kwa kompyuta tangu katikati ya miaka ya 1980, alikuwa miongoni mwa wa kwanza kuzieleza. Watu hawahitaji kuwa pamoja kwa wakati mmoja. Wengi wanazungumza na wengi. Na kila kinachosemwa kinabaki. Kwa tafakuri, tabia hii ya tatu na ucheleweshaji wa majibu ndivyo vyenye uzito. Katika kikao cha ana kwa ana mwenye ulimi mwepesi hutawala. Katika maandishi, anayehitaji siku mbili kufikiri anazipata. Muuguzi anayeandika kwamba “mgonjwa alikuwa mkaidi” anaweza kurudi kwenye sentensi hiyo baada ya wiki, akakuta mwenzake ameuliza mgonjwa mwenyewe angelielezaje tukio lile, na hawezi kudai hakuandika. Tendo lililopita kasi linawekwa mahali ambapo linaweza kusomwa polepole.

Mwaka 2002 Martin Dougiamas wa Perth, Australia, alitoa toleo la kwanza la Moodle, mfumo wa bure wa kufundishia ambao leo unatumika katika vyuo vingi duniani, vya Afrika Mashariki vikiwemo. Dougiamas alikulia katika makazi ya mbali jangwani, akisomeshwa kwa redio ya mawimbi mafupi, na Moodle ilitokana na utafiti wake wa shahada ya uzamivu kuhusu jamii za uchunguzi na tafakuri kwenye intaneti. Wengi wanaopakia madokezo ya mihadhara humo hawajui kwamba baraza la mjadala ndilo lililokuwa kiini chake.

Je, tafakuri tunduizi ilipatikana? Watafiti watatu wa Chuo Kikuu cha Alberta, Randy Garrison, Terry Anderson na Walter Archer, walijaribu kupima. Katika makala zao za mwaka 2000 na 2001 walirudi kwa Dewey na kugawa mjadala katika hatua nne: swali kuibuka, kuchunguza mawazo, kuyaunganisha, na kufikia suluhisho linalojaribiwa. Wakasoma ujumbe mmoja mmoja katika mijadala ya wanafunzi wa shahada za juu na kuupanga. Asilimia 8 ya ujumbe uliibua swali, asilimia 42 ulikuwa wa kuchunguza, asilimia 13 tu ulikuwa wa kuunganisha, na asilimia 4 ulifika kwenye suluhisho. Uliobaki haukuingia katika hatua yoyote. Sampuli ilikuwa ndogo, na wenyewe walikiri hivyo, lakini wengi waliorudia kazi hiyo kwingineko walikuta umbo lilelile. Watu wanasimulia, wanaongeza uzoefu wao, wanatoa mawazo kwa wingi, kisha mjadala unapoa.

Sababu kadhaa zimetolewa. Wakati mwingine swali lenyewe halikudai suluhisho. Wakati mwingine suluhisho linajaribiwa darasani au wodini, na mhusika harudi kusimulia. Lakini sababu iliyo nzito zaidi ni adabu. Mtu anayeandika mbele ya wenzake asiowajua vizuri anaogopa kuonekana mkali, na maandishi hayana tabasamu la kupooza makali. Hivyo mijadala ya watendaji imejaa “asante kwa mchango mzuri” na “nakubaliana nawe kabisa”, ambazo ni zilezile sifa zilizosikika kwenye kanda za walimu wa Stenhouse, ila safari hii wenzi wanasifiana wao kwa wao. Garrison na wenzake waliona kwamba uwepo wa kijamii, yaani watu kujisikia wako na binadamu wenzao, unahitajika ili wathubutu kuuliza, lakini peke yake unaweza kuishia katika kupongezana. Ndipo wakaweka na uwepo wa kufundisha: mtu mwenye jukumu la kuusogeza mjadala mbele. Gilly Salmon, wa shule ya biashara ya Chuo Kikuu Huria, alilielezea jukumu hilo kwa undani mwaka 2000, akionyesha ngazi tano ambazo washiriki hupanda kutoka kujifunza kuingia katika mfumo hadi kujenga maarifa pamoja na hatimaye kujiendeleza wenyewe. Ngazi zake ni nadhifu kuliko watu walivyo, ila ushauri wake wa kazi ni mzuri: mwongozaji mzuri huandika kidogo, hukusanya yaliyosemwa na wengi, na huonyesha mahali maelezo mawili yanapogongana.

Maandishi kubaki kuna upande wa pili. Kanda ya kaseti ingeweza kufungiwa kabatini. Ujumbe wa mtandaoni unanakiliwa, na mwalimu anayeeleza shida ya darasa lake anaeleza pia habari za watoto ambao hawakuombwa ridhaa. Kwa hiyo taratibu za utafiti tendaji zilikuja kudai majina ya kubuni, vikundi vilivyofungwa na makubaliano ya maandishi juu ya nani atasoma nini.

Afrika Mashariki iliingia katika mkondo huu kupitia mafunzo kazini. Nchini Kenya mradi wa SMASSE wa kuimarisha hisabati na sayansi katika sekondari, ulioanza mwaka 1998 kwa ushirikiano na Japani, uliwafundisha walimu mzunguko wa kupanga, kutenda, kuangalia na kuboresha, ambao Lewin angeutambua bila kuelezwa. Mijadala yake ilikuwa ya ana kwa ana katika vituo vya wilaya. Tanzania ina MEWAKA, Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini, ambayo inaunganisha jumuiya za ujifunzaji ndani ya shule na mfumo wa kujifunzia mtandaoni wa Taasisi ya Elimu Tanzania. Lakini baraza lililoenea kuliko yote halikubuniwa na mradi wowote. Ni kundi la WhatsApp, ambamo mpango wa somo, tangazo la msiba, picha ya ubao na ratiba ya mtihani wa majaribio hupita katika mkondo mmoja, na swali zuri la saa 2 usiku linakuwa limefunikwa kufikia alfajiri. Tangu mwaka 2013 ujumbe wa sauti umerahisisha kuchangia kwa wasiopenda kuandika, huku ukiwaondolea wengine ile nidhamu ya kuitazama sentensi yao wenyewe. Tena katika makundi mengi mwalimu mkuu au mratibu wa elimu yumo, na mwalimu anayefikiria kukiri mbele yake kwamba somo lilimshinda hupima maneno mara mbili. Vikundi vinavyofanikiwa kupita kikwazo hicho kwa kawaida ni vidogo, vya walimu wa somo moja kutoka shule jirani, wanaokutana pia ana kwa ana, na ambao wamekubaliana kwamba anayeleta tatizo huleta na ushahidi wake: kazi ya mwanafunzi, kipande cha sauti ya kipindi, au maswali aliyouliza kama alivyoyauliza.